Kaa wa Mbuchi anatoa povu: usikimbilie dawa, angalia maji kwanza

Kila nikigusia habari za kwetu delta swali ni lile lile, na safari hii limetoka kwa kijana wa Mbagala: "Kaka, nina kaa kumi na tano kwenye tangi nyumbani, nasubiri mnunuzi wa keshokutwa, watatu wameshakufa na wengine wanatoa povu. Niweke dawa gani?"

Jibu fupi: hamna dawa ya kuweka. Jibu refu ndo hili hapa chini, na naomba mlisome mpaka mwisho, hasa nyie mnaoingia kwenye dili hili mkidhani kaa ni kama gunia la mkaa, unaliweka pembeni unasubiri bei ipande.

Kwanza tuelewane tunamuongelea nani. Ni kaa koko, wengine wanamwita kaa wa tope, yule mkubwa mwenye magando yanayoweza kukuvunja kidole. Wataalamu wanamwita Scylla serrata. Anaishi kwenye mikoko kuanzia Afrika Kusini, kupita huku kwetu, mpaka Australia na visiwa vya Pasifiki. Kwetu Mbuchi, wilaya ya Kibiti, huyu ni jirani. Delta ya Rufiji ina mikoko hekta kama 53,000, na hakuna sehemu nyingine kwenye pwani ya Afrika Mashariki yenye mikoko mingi kiasi hicho mahali pamoja. Tangu 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa liko kwenye orodha ya Ramsar, yaani ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kaa wapo. Shida inaanza akishatolewa shimoni.

Biashara ya kaa koko ni ya kaa hai. Mnunuzi wa hoteli Dar anamtaka anatembea, na anayepeleka China kwa ndege ndo kabisa, kaa asipofika hai amekula hasara. Piga hesabu ya mfano (bei zinapanda na kushuka, usinishike hapo). Umenunua kaa 20 kwa shilingi 8,000 kila mmoja, hiyo ni 160,000. Unategemea kuuza kwa 10,000 kila mmoja, upate 200,000. Wakifa wanne tu umeuza 16, umeshika 160,000. Faida yote imekwenda na wale wanne, na hapo sijagusa nauli, bodaboda, wala siku zako mbili. Kaa wanne kati ya ishirini ni kitu cha kawaida sana kwa mtu asiyejua anachofanya. Kisha mchuuzi akipata hasara anarudi kijijini kushusha bei, kwa hiyo anayelipia kile kifo ni yule aliyelala kifudifudi kwenye tope, mkono mzima shimoni, akimtoa kaa kwa chuma chenye ncha iliyopinda.

Haya, sasa tuingie kwenye mada.

Kaa anavuta hewa kwa matamvua kama samaki, ila yake yamefichwa ndani ya gamba, pande mbili. Ndani ya ule uwazi anaweza kubaki na maji kidogo, na matamvua yakiwa na unyevu anaendelea kupata oksijeni hata akiwa nje ya maji. Ndiyo maana kaa koko aliyefungwa vizuri, akakaa kivulini na kwenye unyevu, anaishi siku kadhaa bila kuzamishwa. Samaki hawezi hilo. Lile povu mdomoni ni yale maji machache yanazungushwa na hewa tena na tena. Maana yake anakauka, anahangaika kuyalowesha matamvua. Povu lenyewe si ugonjwa. Anakwambia kiu.

Sasa watu wakiona povu wanafanyaje? Wanamtumbukiza kwenye ndoo ya maji. Na hapo ndo wanapomuua.

Najua inasikika kinyume, mnyama wa majini anakufaje majini? Fikiria ndoo ya lita 20, maji yametulia, ndani kaa sita waliotoka safari ya saa tano. Maji ya chumvi yana oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na yakipata joto yanashika kidogo zaidi. Kwa joto la nyuzi 28, maji ya mto yanaweza kushika oksijeni karibu miligramu 7.8 kwa lita, maji ya bahari kama 6.4 tu. Kaa sita waliochoka wanaimaliza hiyo upesi, na maji yaliyotulia hayarudishi kwa kasi wanayoitaka. Kaa aliyetoka safari ni kama mtu aliyetoka kukimbia: misuli imejaa asidi, anahitaji hewa nyingi kuliko kawaida kwa saa kadhaa. Wewe ndo kwanza unamfungia kwenye ndoo.

Mzee mmoja wa pale Mbuchi, ameanza kuchimba kaa kabla sijazaliwa, nilimkuta amepanga kaa wake kwenye tenga chini ya mti, amewafunika gunia bichi. Nikamwambia, "Shikamoo babu. Mbona hujawatia kwenye maji?" Akacheka. "Marahaba mjukuu wangu. Kaa si samaki. Mpe unyevu, usimpe kisima." Mimi nimesoma mengi baadaye, kwenye mtandao na kwa wataalamu, sijakuta mahali palipompinga yule babu.

Kwa hiyo kama huna pampu ya hewa, usiwe na tangi. Waache nje ya maji, lakini kwa adabu: magando yamefungwa (kamba ya ukindu au ya katani inatosha, isikaze mpaka ikakata kiungo), wamepangwa tumbo chini, kwenye tenga au boksi lenye matundu, chini na juu majani mabichi ya mkoko au gunia la katani lililoloweshwa maji ya chumvi. Maji ya chumvi, si ya bomba. Loweka upya kila baada ya saa chache. Upepo ni adui mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kaa waliowekwa juu ya keria ya gari bila kufunikwa wanafika wamekauka hata kama hapakuwa na jua.

Joto nalo. Kaa akiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 16 hadi 22 hivi mwili wake unafanya kazi polepole, anatumia hewa kidogo, anatulia. Ndo maana wengine wanasafirisha usiku, na wako sahihi. Ila barafu usimwekee moja kwa moja. Ukimshusha sana, chini ya nyuzi 12 hivi, unampiga ganzi halafu haamki vizuri. Chukua chupa ya maji iliyoganda, ifunge kwa kanga kuukuu, iweke pembeni ya boksi, isimguse.

Sasa tuseme una pampu ya hewa, una tangi, unataka kuwapumzisha siku mbili tatu kabla ya mnunuzi kuja, au unataka kuwanenepesha wiki mbili hadi nne. Hii inafanyika, na si uchawi. Kenya pale Mida Creek karibu na Watamu kikundi cha wanakijiji wa Dabaso wanafuga kaa na wana mgahawa wao juu ya mikoko, watalii wanakwenda kula pale. Wao lakini wana maji ya bahari yanayopita chini, yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, yanasafisha bure. Wewe wa Mbagala mwezi haukusaidii kitu. Kila uchafu utakaoingia kwenye tangi utabaki humo mpaka uutoe wewe.

Uchafu mkubwa ni amonia. Kaa anaitoa kupitia matamvua, kama sisi tunavyotoa mkojo, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza. Kwenye maji ya bahari amonia ni mbaya zaidi kuliko kwenye maji ya mto, kwa sababu maji ya bahari yana ualkali, na kadiri ualkali na joto vinavyopanda ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyogeuka kuwa ile aina inayopenya mwilini na kuunguza matamvua. Macho hayaioni. Pua inaweza isiisikie mpaka umechelewa. Ukiona povu jepesi limeganda juu ya maji halipasuki, na maji yana ukungu, tayari hali mbaya.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: kaa akiwa nje ya maji ile amonia hana pa kuitoa, inajikusanya mwilini. Ukimrudisha majini anaitoa yote kwa mkupuo. Yaani saa ya kwanza ndani ya tangi lako ndo saa chafu kuliko zote. Kwa hiyo usimtoe kwenye tenga ukamweka tangini moja kwa moja. Andaa beseni la kwanza, maji ya chumvi hiyo hiyo, kina kifupi tu yasimfunike mgongo, pampu inapuliza. Mnyunyizie kwanza, mshushe taratibu, muache kama saa moja. Maji hayo mwaga. Ndo umpeleke kwenye tangi kuu. Nimewaona watu wanaofuata jambo hili moja tu wakapunguza vifo vya usiku wa kwanza bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Baada ya hapo kazi ya kuondoa amonia wanaifanya bakteria. Wapo wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kaa anaivumilia vizuri zaidi. Hao bakteria wanakaa juu ya vitu vigumu: kokoto, magamba ya chaza, mchanga mnene. Unatoboa ndoo chini, unaijaza kokoto na magamba ya chaza yaliyopondwa (magamba yanasaidia pia maji yasigeuke asidi), pampu ndogo inapandisha maji juu yanashuka kwa kuchuruzika. Hilo ndo chujio. Gharama ndogo. Ila bakteria hawaji siku moja, tangi jipya linataka wiki nne hadi sita mpaka liwe na jeshi la kutosha. Ukijaza kaa siku ya kwanza unawatia kwenye maji yasiyo na msafishaji. Katika wiki hizo ni kubadilisha maji, hamna njia ya mkato: mimi nabadilisha robo ya tangi kila siku, na kwenye lita 200 siweki zaidi ya kaa sita. Wapo wanaoweka ishirini. Sawa, ni tangi lao.

Na usioshe zile kokoto kwa maji ya bomba ukidhani unafanya usafi. Maji ya bomba yana klorini, inaua bakteria wako wote na unaanza upya. Suuza kidogo kwa maji yale yale uliyoyatoa tangini.

Umeme ukikatika je? Pampu za betri zipo, za sola zipo. Kama huna kabisa, toa maji tangini mpaka yabaki ya kina kifupi migongo ya kaa ikiwa nje, waje juu wavute hewa wenyewe. Tena rudi kwenye kanuni ya babu: unyevu.

Chumvi. Bahari ya wazi ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Kaa koko ni mvumilivu kuliko samaki wa mwamba, maana amezoea mto na bahari kugombana nyumbani kwake. Gramu 15 hadi 30 anaishi vizuri, hata chini ya hapo kwa muda. Ukichanganya ndoo mbili za maji ya bahari na moja ya maji baridi unapata kama gramu 23, pazuri tu. Asichopenda ni kubadilishiwa ghafla. Kaa wa wakati wa masika, Machi mpaka Mei, Rufiji ikiwa imefura, ametoka kwenye maji karibu ya kunywa. Ukimtia kwenye maji ya Kigamboni siku hiyo hiyo unampa mshtuko mwingine juu ya uchovu. Muulize aliyekuuzia ametoka mkondo gani, ndani kwenye mto au nje karibu na bahari. Usitegemee kumbukumbu za wazee peke yake, kwa sababu mto wenyewe umebadilika: bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mwaka 2024 tukapata mafuriko Rufiji na Kibiti ambayo kila mtu anayakumbuka. Onja maji. Au nunua haidromita, inauzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Hata mizani ndogo ya sonara inasaidia: lita moja ya maji baridi ni gramu 1,000, lita ya maji ya bahari ni kama 1,025.

Kuna wanaoniuliza kama wanaweza kutengeneza maji ya bahari kwa chumvi ya mezani. Hapana. Maji ya bahari yana kalsiamu, magnesiamu na mengine mengi ambayo kaa anayahitaji kwenye gamba. Chumvi ya dukani ni chumvi ya mboga. Nenda ufukweni na madumu, maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto wowote wa mjini, hasa Msimbazi, tafadhali.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho kinaniuma, maana kinaua kaa wengi majumbani na hakuna anayekishuku. Dawa ya mbu.

Kaa, kamba, mbu na mende ni ukoo mmoja kwa mbali, wote wana gamba nje na miguu yenye viungo. Dawa za jamii ya pairethroidi, zilizomo kwenye makopo ya kupuliza na kwenye vyandarua vyenye dawa, zimetengenezwa kuvuruga mishipa ya fahamu ya wadudu, na kaa haziwezi kumtofautisha na mdudu. Kiasi kidogo sana kinatosha. Sasa fikiria chumba cha Mbagala au Temeke: jioni mama anapuliza dawa, tangi liko kona, pampu inavuta hewa ile ile ya chumbani na kuisukuma ndani ya maji. Asubuhi kaa wanatetemeka, miguu inajikunja ovyo, wanageuka mgongo chini. Kijana anasema "wameugua". Hawajaugua, wamepuliziwa. Na kule kijijini nimeona tangi limefunikwa kwa chandarua chenye dawa ili kaa wasitoke! Toa. Tumia wavu wa kawaida au ubao. Na maji ya mfereji unaopita pembeni ya shamba la mpunga lililopigwa dawa usiyatumie kabisa.

Shaba nayo ni hivyo hivyo. Dawa nyingi za samaki wa mapambo zina shaba ndani, zinatibu samaki lakini zinaua kaa na kamba. Soma lebo. Ndoo na bomba za shaba, hapana.

Na zile kapsuli za rangi mbili mnazozivunja na kumwaga tangini... jamani. Antibiotiki haileti oksijeni, haiondoi amonia. Inachoweza kuua ni wale bakteria wako wa kwenye kokoto, kwa hiyo amonia inapanda na kaa wanakufa zaidi. Halafu mabaki yake yanabaki kwenye nyama. Nyie hamkumbuki labda, mwaka 1999 Ulaya ilifungia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu. Waliovua kwa sumu walikuwa wachache, waliofungiwa soko ni wote.

Magonjwa ya kweli yapo, sikatai, tuyapitie haraka. Madoa ya kahawia au meusi kwenye gamba, kama kutu, mengine yamechimba shimo: ni bakteria wanaokula gamba, wanaingia kupitia mikwaruzo, hasa kaa wakirundikana. Mtenge, maji masafi, akijivua gamba (si ile ya siasa ya 2011, hii ni ya kweli) mengi yanaondoka nalo. Wadudu wadogo weupe wameshika kwenye matamvua kama vichipukizi: wakiwa wachache si kitu, wakijaa kaa anakosa pumzi, huyo muuze mapema au mrudishe. Kaa mzito kuamka, damu yake nyeupe kama maziwa badala ya kuwa na ubluu kidogo: hamna tiba, mtoe haraka asiwaambukize wengine.

Kuna kirusi kimoja lazima nikitaje, cha madoa meupe. Kaa koko anaweza kukibeba bila kuonekana mgonjwa, lakini kamba kikiwapata wanakufa kwa maelfu. Binadamu hakimdhuru. Kilipiga mashamba ya kamba Msumbiji 2011 na Madagascar 2012, majirani zetu hao. Delta yetu ndo nyumbani kwa kambamiti wengi wa Tanzania. Kwa hiyo kaa uliyemnunua mahali pengine usije ukamwachia mikondo ya Rufiji kwa huruma, na maji ya tangi lake usiyamwage mtoni. Mwaga nchi kavu, mbali na kisima.

Namna ya kumpima kaa aliyechoka na aliyekwisha: gusa kijiti cha jicho taratibu kwa jani. Akilirudisha ndani upesi, huyo mzima. Akilirudisha polepole, huyo wa beseni la kwanza, atapona. Mnyanyue kwa nyuma. Miguu ikijikunja au kupiga, vizuri, ikining'inia kama kamba iliyolowa usimsafirishe leo. Kaa aliyedondosha gando njiani hajafa, bei tu imeshuka, atalirudisha akijivua gamba. Kaa laini aliyetoka kujivua mtenge peke yake siku hiyo hiyo, wenzake watamla, hawana udugu. Na ukibonyeza gamba la chini likabonyea, ndani ni maji matupu. Huyo ndo wa kumnenepesha, si wa kumuuza. Mpe vipande vya samaki au vichwa vya kamba, kama sehemu moja ya ishirini ya uzito wake kwa siku, jioni, na asubuhi toa mabaki. Siku moja kabla ya safari usimlishe.

Jike mwenye mayai tumboni, lile tuta la rangi ya machungwa, tafadhali usimweke tangini. Mayai ni mamilioni na yeye alikuwa njiani kwenda bahari ya nje kuyaangua. Tangini yataoza na kuchafua maji ya wengine wote. Huyo anarudishwa pale pale alipotolewa, kabla hajapanda chombo.

Wale mliouliza samaki wa mapambo wa baharini, wale wa rangi, sehemu kubwa ya haya inawahusu: amonia, bakteria, chumvi isibadilike ghafla, dawa ya mbu mbali. Tofauti ni tatu. Samaki wa mwamba anataka chumvi karibu ile ile ya bahari wazi, 33 hadi 35, havumilii kama kaa. Hawezi kukaa nje ya maji hata kidogo. Na akipata vidoa vyeupe kama chembe za chumvi na kuanza kujisugua kwenye mawe, huyo ana kimelea, mtoe kwenye tangi lake la peke yake ndo umtibu kwa shaba huko, kamwe si kwenye tangi lenye kaa au kamba. Samaki mpya yeyote akae karantini wiki nne kabla ya kuchanganywa.

Kaa aliyekufa mtoe dakika hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Anaoza haraka kuliko samaki, maana vimeng'enya vya tumboni mwake vinaanza kula nyama papo hapo, na mmoja anaweza kuharibu maji ya tangi zima mpaka asubuhi. Usimle, usimuuze kwa bei ya chee kwa mama ntilie. Mfukie. Kisha badilisha nusu ya maji bila kusubiri kuona kama wengine watadhurika.

Wa Mafia na Kilwa, nyie mnafungia kwa nini wakati majani ya mkoko hayapatikani karibu? Nimesikia watu wanatumia mwani mbichi, wengine maranda ya mbao yaliyoloweshwa. Aliyejaribu atuambie walifika wangapi hai.